Fanksheni Inayoitwa Benta

Nyamasaria, Kisumu
12 Januari 2025

Kwa Mjomba Wakhisi,

Salamu kwanza, maana Mama amesimama nyuma yangu na amekataa katakata nianze na hasira. Dada yako Nakhungu hajambo. Goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, lakini kwaya hajaacha, na siku ya Krismasi aliimba kwa nguvu mpaka mchungaji akageuka kumtazama. Kuku walikuwa kumi na wanne, sasa ni tisa. Kicheche amefanya boma letu kuwa hoteli yake. Mimi ni mzima, na nimepata kazi. Niko Tahadhari Kano, ofisi ileile uliyoiacha, na nimekalia kiti chako kilekile chenye mguu uliofungwa waya.

Haya, Mama ameenda jikoni. Mjomba, ulikuwa na akili gani?

Nazungumzia ile maktaba yako ya fanksheni. Ziko mia mbili na sita, kila moja kipande cha kazi chenye jina, ili anayekuja nyuma yako aite jina na kazi ifanyike. Si ndiyo faida ya jina? Sasa nisikilize. Nikitaka kina cha mto, naita "pima_kina". Vizuri. Nikitaka mvua, mtu yeyote mwenye kichwa angedhani ni "pima_mvua". Haipo! Ni "mvua_leta". Joto ni "nipe_joto_sasa". Upepo ni "upepo" tu, kama mtu anaita mbwa wake. Tena "pima_kina" inajibu kwa mita na "kina_cha_jana" inajibu kwa sentimita, na hakuna mahali umeandika hivyo. Siku yangu ya tatu kazini nilisoma kwamba jana yake mto Nyando ulikuwa na kina cha mia mbili na kumi. Nikadhani ni mita. Nilisimama, Mjomba. Nilishika mkoba nikimbie.

"Futa_namba" haifuti, inaficha. "Ondoa_namba" ndiyo inayofuta, na haiulizi. Kwa sababu hiyo nilipoteza namba za wakulima arobaini nikazitafuta kwenye madaftari ya zamani wiki nzima, mwenyekiti Walter Ogola akipita mlangoni kila saa kuniuliza kama nimezoea kazi.

Halafu kuna zile zisizosema kitu kabisa. "Ogola2". "Mama_wa_kanisa". "Jumanne_ile". "Benta". Ni nini hizi? Hiyo "benta" nimeisoma ndani mara nne. Inaita "ogola2", "ogola2" inaita "jumanne_ile", na "jumanne_ile" inarudi kumwita "benta". Nimezungushwa mpaka kichwa kinauma, na maelezo hukuacha hata mstari mmoja.

Ungekuwa unatengeneza programu ya kuuza sketi ningecheka. Lakini wewe unajua kazi yenyewe. Maji yakipanda kule juu, kompyuta hii inatuma ujumbe kwa nyumba elfu moja na mia mbili za Ahero na vitongoji vya mpunga, watu watoke mashambani kabla mto haujafika. Mvua kubwa inaanza Machi. Mimi nimekaa hapa mbele ya mashine nisiyojua inafanya nini.

Simu huna na hutaki. Mama anasema ulipotoka Ahero uliiuza, ukapanda Cheptais kulima vitunguu, na ukiulizwa unaondoka chumbani. Basi naandika barua kama watu wa kale, na bahasha inapanda basi. Naomba unijibu hizo nne, moja baada ya nyingine.

Mpwa wako aliyechoka,
Naswa Wechuli

*

Cheptais
9 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Naswa,

Barua yako ilikaa Bungoma siku kumi na moja katika droo ya karani wa vifurushi, naye akasema hakujua Wakhisi ni yupi. Tuko Wakhisi wawili tu tunaopokea kitu hapo, na mwenzangu alifariki.

Huku ni baridi. Ng'ombe amezaa dume. Vitunguu vimeota vizuri upande wa juu, upande wa chini vimeoza mizizi kwa sababu sikuchimba mtaro mapema. Mwambie dada yangu goti alikande kwa maji moto na aache kushindana na wasichana wa sauti ya kwanza.

Umenitukana vizuri. Elimu ya chuo imekufaa. Sasa na mimi niseme.

Nilipoanza hiyo kazi hapakuwa na chuo wala sheria wala wewe. Nilikuwa na kompyuta moja, na umeme wa Ahero unaokuja kama mgeni. Kila Jumatano nilienda mkutanoni na wakulima. Mtu akisimama akalalamika, narudi ofisini namwandikia fanksheni ya lalamiko lake, naipa jina lake ili Jumatano nyingine akija nimwambie, "Yako hii hapa." Walifurahi. Walikuwa wanaulizana fanksheni ya nani imefanya kazi wiki hii. Unadhani wangefurahia "pima_mvua"?

Na kwetu mtoto hapewi jina kwa kupangwa kama vikombe kabatini. Anapewa la msimu aliozaliwa, au la mgeni aliyefika, au la aliyetangulia. Wewe ni Naswa kwa sababu mama yangu alikuwa Naswa. Hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza huyu Naswa anafanya kazi gani.

"Ogola2" ni ya huyohuyo Walter wako. Alikuwa na simu mbili, na ujumbe ulikuwa unaenda kwa ile anayoiacha nyumbani. Fanksheni inatafuta namba ya pili ya mtu, na kama hana, namba ya jirani. "Mama_wa_kanisa" inazuia zile habari za mbegu na mbolea zisilie wakati wa ibada. Ya mafuriko haizuii. "Jumanne_ile" ni Jumanne umeme ulipokatika katikati ya kutuma. Inakumbuka tulipofika, tunaendelea kutoka hapo.

Nafikiri nimekujibu. Usiniandikie tena kwa wino mwekundu, watu wa posta ya basi wanadhani nadaiwa.

Mjomba wako,
Wakhisi

*

Nyamasaria
23 Februari 2025

Kwa Mjomba,

Tumepokea, na tumefurahi kuhusu ndama. Mama anakandwa goti na jirani, na anasema sauti ya kwanza haachi mpaka azikwe. Kuku ni wanane.

Niliuliza nne. Umejibu tatu. Unafikiri sikuhesabu?

Hilo la mtoto na bibi yake umelisema vizuri, nikakaribia kunyamaza. Lakini mtoto aliyepewa jina la bibi yake ana mdomo. Akikua ukimuuliza anafanya nini, atakuambia. Fanksheni haina mdomo, Mjomba! Mdomo wake ni jina lake tu, na wewe ulizipa majina kisha ukaondoka na maana ukazibeba Cheptais pamoja na nguo zako. Wale wakulima waliofurahi Jumatano hawakai hapa mbele ya skrini. Nakaa mimi.

Basi nimeweka sheria na nimeibandika ukutani. Kitendo kwanza, kitu baadaye, kipimo mwisho. "Pima_kina_mita". "Pima_mvua_milimita". Mia na tisini nimeshazibadilisha. Mwenyekiti Ogola aliposikia hana fanksheni tena alinuna, lakini amekubali.

Ile ambayo sijui kazi yake, nitaitoa. "Benta" nimeijaribu. Niliizima, nikatuma ujumbe kwa simu zote za ofisini, zikafika zote. Kwa hivyo haifanyi kitu. Kama inafanya, niambie ni kitu gani na kwa nini. Siombi siri za ukoo, naomba mstari mmoja. Una mpaka mvua ianze.

Naswa

*

Cheptais
11 Machi 2025

Naswa,

Salamu kwa dada yangu. Sisi wazima.

Hizo nyingine zibatize upendavyo. "Benta" usiiguse. Usiibadilishe jina, usiitoe, usiulize tena.

Wakhisi

*

Nyamasaria
14 Aprili 2025

Kwa Mjomba Wakhisi,

Mama ni mzima na mimi ni mzima. Leo hizo salamu zinatosha.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilinifikia tarehe 27. Nilikaa kimya kwa sababu "benta" nilikuwa nimeshaitoa tarehe 21, mvua ilipoanza, kama nilivyosema. Na sitakudanganya: ningeweza kuirudisha kwa dakika moja. Nilisoma ile "usiulize tena" yako, nikawaka. Nikasema, mtu mzima ananiamrisha kama mtoto aliyeshika kisu, na hataki kusema ni kisu. Atakapotoa sababu, nitairudisha. Nikaiacha nje kwa kiburi. Hilo ni langu, na nalibeba.

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, mto ulijaa. Ahero jua lilikuwa linawaka, wewe unajua inavyokuwa, mvua inanyesha milima ya Nandi na huku watu wako shambani wamevua mashati. Nilituma. Vitongoji vinane vilipokea na watu wakatoka. Kambi ya Chini, nyumba thelathini na moja, hazikupata kitu. Mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umezimika robo saa. Ujumbe ulijaribu mara moja, ukashindwa, ukakaa. Mnara uliporudi hakuna kilichorudia kutuma. Hapo ndipo nilipoelewa "benta" ilikuwa inafanya nini. Kwenye majaribio yangu simu zote zilikuwa hewani, ningeionaje ikifanya kazi, na kazi yake ni pale ujumbe unaposhindwa! Inarudia mpaka mtu ajibu, na asipojibu inampigia jirani yake. Mistari themanini, na sentensi moja ingenitosha. Sentensi moja, Mjomba!

Hakufa mtu. Sikukushukuru wewe wala kujishukuru mimi kwa hilo. Kuna dada mmoja, Aloo, ana miaka ishirini na minne, haamini ujumbe wetu. Yeye huangalia rangi ya maji kwenye mfereji. Aliona yamegeuka, akachukua sufuria na mwiko, akapita nyumba kwa nyumba akigonga na kupiga kelele. Mzee Oduor, ambaye hatembei, walimbeba juu ya mlango waliong'oa. Mpunga wote wa kitongoji umekwenda.

Jumamosi nilienda kuomba msamaha. Aloo hakunikaribisha kiti. Mfukoni alikuwa na simu, na kwenye mkoba betri mbili za akiba, zote zimejaa. Nikauliza, kwa ujinga wangu, kwa nini abebe zote hizo. Akaniambia mama yake alikuwa anaitwa Benta.

Nikamwomba anisimulie.

Akasema miaka mitano iliyopita mama yake alichukuliwa na maji kwenye shamba la mpunga, peke yake, kwa sababu wengine wote walikuwa wameenda mazishi ng'ambo ya barabara kuu. Asubuhi ile Aloo alitumwa dukani kuchaji simu ya mama. Akakutana na wenzake, akaitoa mapema, akairudisha bila kuangalia imefika wapi. Halafu ofisi yetu, ofisi yetu hii, ikaleta ripoti: ujumbe ulitumwa, mtandao ulikuwa hafifu, na simu ya marehemu ilikuwa imezimwa. Iliposomwa mbele ya watu, kila mtu alimgeukia yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nimeitafuta hiyo ripoti. Mwandiko ni wako.

Sasa Kambi ya Chini wamesema namba zao zote zitoke kwenye orodha. Thelathini na moja. Aloo alisema, "Mlitudanganya kwa Benta, mmetuacha tena. Hatutaki mashine yenu." Nilibembeleza mpaka nikachoka. Mvua ya vuli itawakuta hawana kitu isipokuwa sufuria yake.

Fanksheni nimeirudisha, haina wa kumlinda pale. Niambie Benta alikufaje. Safari hii sikuombi.

Naswa

*

Cheptais
1 Juni 2025

Kwa Naswa,

Salamu kwa dada yangu. Mwambie nimeanza barua hii mara sita, ndiyo maana imekawia, si karani wa Bungoma.

Kulikuwa na fanksheni mbili. Moja iliitwa "tuma", nyingine "peleka". Hukuziona zote mbili kwa sababu moja niliifuta mwenyewe jioni ile. "Tuma" ilikuwa ya kweli. "Peleka" ilikuwa ya mazoezi. Ilikuwa inaandika "imefika" kwenye skrini na hakuna kinachotoka, ili nisiwasumbue watu nikiwa najifunza. Niliziandika miezi tofauti na nikazipa majina yaliyonijia. Kichwani mwangu zilikuwa tofauti kama usiku na mchana. Nilikuwa peke yangu, nani angechanganya?

Ile Alhamisi ya Mei aliyokufa Benta, maji yalipopanda niliandika haraka, kitongoji kwa kitongoji. Vinane niliandika "tuma". Kambi ya Chini niliandika "peleka". Skrini ikaniambia imefika, nyumba thelathini na moja. Nikawasha jiko nikachemsha chai, Naswa. Nikanywa kikombe kizima nikijipongeza.

Baada ya kama nusu saa nilipitia tena nilichoandika, nikaona. Nikatuma upya, na kwa kuwa nilijua wengine wako mazishini na Benta hakwenda, nilichukua simu yangu nikampigia mwenyewe. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena ikaita, na mara ya tatu ikaita. Mara ya nne haikupatikana.

Simu yake haikuwa imezimwa. Ilikuwa na chaji. Niliisikia ikiita.

Walter Ogola aliniuliza ripoti. Wafadhili walikuwa wanakuja mwezi uliofuata, na nilikuwa najua wakisikia mashine ilidanganya watafunga ofisi, na vitongoji vyote tisa vibaki bila kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli niliona aibu tu. Niliandika "imezimwa" kwa sababu ilikuwa neno dogo na marehemu hangeweza kunibishia. Sikujua kuhusu msichana na duka. Naapa sikujua kulikuwa na mtu mwingine ambaye neno hilo lingemwangukia. Lakini pia sikuuliza.

Nikakaa siku nne nikiandika "benta", ili mtu asiachwe tena hivyo. Nikaipa jina lake, kwetu jina la aliyetangulia hupewa mtoto. Nilidhani nimemheshimu. Maelezo sikuweza kuyaandika, maana maelezo yake ndiyo haya unayosoma. Mia mbili zilizobaki sikuzigusa tena kwa sababu kila nikifungua hiyo maktaba nilikuwa nasikia simu inaita. Niliuza yangu kwa sababu hiyohiyo.

Ulipoandika fanksheni haina mdomo nilikukasirikia wiki nzima. Kumbe mdomo nilikuwa nao mimi.

Barua hii fanya nayo unavyotaka. Mtumie Aloo, ama msomee. Mimi huko sina uso wa kwenda.

Wakhisi

*

Nyamasaria
17 Agosti 2025

Kwa Mjomba Wakhisi,

Mama alisoma barua yako kabla yangu. Aliingia chumbani, na Jumapili hakwenda kwaya, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Jana alianza tena kuimba jikoni, kwa sauti ya chini. Anakusalimu. Aliniambia niandike hivyo hata kama sitaki, na sitaki.

Sikukujibu mapema kwa sababu kila nilipoketi nilitaka kuandika matusi tu. Bado nayataka. Ulimwachia msichana wa miaka kumi na tisa mzigo wako akaubeba miaka mitano, na wewe uko mlimani unasikitikia vitunguu kuoza. Eti neno dogo! Mtu mzima kabisa, mjomba wangu, uliyenifundisha kuwasha kompyuta ya kwanza nikiwa darasa la sita! Nilikuwa najivunia kukalia hicho kiti. Nimekitoa nje, nimenunua stuli.

Wiki iliyopita nilipeleka barua Kambi ya Chini. Aloo alikuwa anapanda miche upya. Tuliketi kwenye tuta, akaniambia nisome mwenyewe, yeye mikono yake ina matope. Nikasoma. Pale pa chai aliguna. Nilipofika pa simu akanisimamisha.

"Iliita?"

"Iliita."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nilisoma mistari ile mitatu mara tano, Mjomba, na kila mara aliuliza swali lilelile kama hajasikia. "Kwa hivyo ilikuwa na chaji." Nikasema ndiyo. "Niliichaji ikatosha." Nikasema ndiyo, uliichaji ikatosha. Akainama akaweka paji la uso juu ya magoti, na matope yake yakapaka nywele. Mimi sikujua pa kuweka mikono yangu.

Alipoinuka alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Akauliza kama jina la mama yake bado liko kwenye mashine. Nikamwambia nimelitoa, sasa inaitwa "rudia_ujumbe_hadi_ajibu", na juu yake nimeandika inafanya nini, na kwamba iliandikwa kwa sababu mtu alikufa kwa kosa letu. Akasema, "Vizuri. Mama yangu si dawa ya dhamiri ya mtu."

Nikamwomba namba za kitongoji zirudi kwenye orodha. Akasema yeye peke yake hawezi kunipa, na hata angeweza, watu wa pale waliisikia ripoti ikisomwa kwa sauti, mbele yao, na karatasi iliyosomwa chini kwa chini kwenye tuta haiifuti. Wengine hadi leo wakimwona na simu wanatazamana. Barua haitoshi. Anataka mtu aliyeiandika asimame palepale iliposomwa, kwenye uwanja wa kukaushia mpunga, aseme kwa mdomo wake kwamba simu ya Benta iliita. Wakishasikia, kila nyumba itaamua, na yeye atakuwa wa kwanza kutoa yake. Nilimuuliza kama atakusamehe. Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili yake au kwa ajili yako.

Mvua ya vuli inaanza Oktoba. Nyumba thelathini na moja, Mjomba, na Mzee Oduor bado hatembei.

Mwenyekiti Ogola nimemsomea pia. Alitaka tulimalize ofisini kimyakimya. Nimemwambia mtu atakayelimaliza kimyakimya atafute mtu mwingine wa kukaa mbele ya hiyo skrini.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi. Nimewaambia utakuja. Sikukuuliza.

Naswa